Wageni wa Nyumba ya Juu

Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Siku njema! Naandika kwanza, chai itangoja. Nyumba zote mbili za ziwani zimechukuliwa wikendi moja, kuanzia Ijumaa tarehe kumi na nne Novemba. Zote mbili! Tangu mashirika yakatiwe fedha hakuna tena mtu wa kuleta wafanyakazi wake kuvuta kamba ufukoni na kuiita timu bilding. Nilikuwa nimeanza kuziona zile nyumba kama ng'ombe waliokauka maziwa, na bado wanataka majani.

Nyumba ya Chini imechukuliwa na kijana wa Kakuma anaitwa Ruot. Sauti kubwa, Kiingereza kimenyooka, "Madam" kila sentensi. Kundi la watu thelathini na kitu. Sherehe ya familia, amesema. Nyumba ya Juu imechukuliwa na mama anaitwa Arek, naye wa Kakuma, ana duka la vitenge kule kwenye kambi ya wakimbizi. Kundi lake karibu sawa na la Ruot. "Ni mambo ya familia," amesema, kisha akauliza kama kati ya nyumba hizo mbili kuna miti. Nikamwambia mikoma imejaa, mama, ukipiga chafya huku, wa kule hawasikii. Akacheka sana. "Hiyo ndiyo sisi nataka."

Nimempigia shemeji Ereng, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye anakaa kule kule ziwani na kuzitunza nyumba. Nimemwambia afukuze popo darini na afue mapazia. Amesema ejok, vyema, waje tu, ziwa halijawahi kujaa watu.

Nimenunua nyama. Leo sili maharagwe!

Jumatano, 29 Oktoba

Kuna kitu kinanikuna.

Ruot ni jina la Wanuer. Arek ni jina la Wadinka. Hapo ndipo ninapojisifu kila siku: nipe jina tu, nitakuambia mtu ametoka wapi na atanisumbua vipi. Sasa mwenyewe nimewaweka Wanuer chini, Wadinka juu, mfereji mmoja, jiko la nje moja, ufuo mmoja. Na vita vya kwao nani hajavisikia? Tangu mchana naona viti vyangu vya plastiki vikiruka hewani. Naona landrova ya polisi. Nasikia jina langu redioni — Atabo wa Lodwar, mwenye nyumba za damu.

Nimempigia Ereng. Ameuliza, "Wewe umeuliza wao?" Niwaulize nini, shemeji? Nimpigie mtu mzima nimwambie samahani, mkikutana mtachinjana? Akasema, "Mgeni ni mgeni, mama. Uliza tu." Ereng ni mtu wa nyavu na ndoana. Biashara ataijulia wapi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimeshafanya. Moyo umetulia, au nasema umetulia.

Nimempigia Arek nikamwambia tangi la Nyumba ya Juu limepasuka, hakuna maji, fundi anatoka Kitale. Nikamwambia aje wikendi inayofuata, nitampunguzia kidogo. Akasema, polepole, "Wiki ingine hapana, mama. Pasi yetu ni ya siku ile."

Sikuelewa. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Wao hawatoki kambini hivi hivi. Wanaomba kibali, kila mtu na jina lake, na kibali kimeandikwa unakwenda wapi, unatoka lini, unarudi lini. Vya watu wake wote vimetoka baada ya kuhangaika sana. Siku ikipita, karatasi imekufa.

Mimi nikitaka kwenda Kitale navaa viatu.

Hapo ningeweza kusema, ngoja, nitaona. Nikasema, "Pole sana." Akasema sawa. Hakunitukana, hakuuliza lolote. Dipoziti yake nikairudisha yote jioni hii hii, haraka haraka, kama mtu anayetupa kaa la moto.

Na niandike ukweli hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Kwa nini nilimtoa Arek na si Ruot? Si kwa sababu Ruot alitangulia. Ruot angepiga kelele. Nilimtafuta yule ambaye atasema sawa.

Jumatatu, 3 Novemba

Mungu wangu! Mimi ni mjinga namna gani?

Kila Jumatatu asubuhi naweka video za nyumba kwenye stetasi ya WhatsApp. Mazoea yana taabu. Ereng alinitumia mpya jana — bafu la Nyumba ya Juu, mapazia yaliyofuliwa, mfereji umefunguliwa, maji yanamwagika mpaka yanaruka. Nami nikaiweka bila kufikiri, na maneno juu yake: MAJI TELE, KARIBUNI NYOTE. Na kaua kadogo.

Saa nne nikafungua kuangalia nani ameiona. Arek yuko hapo. Wa kwanza kabisa.

Nimeifuta. Kama kufuta kunasaidia. Njia ya mwongo ni fupi, mama yangu alikuwa akisema, lakini hii yangu haikufika hata mlangoni.

Jumanne, 4 Novemba

Arek hajapiga. Hajaandika. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 6 Novemba

Ruot amekuja ofisini mwenyewe, kutoka Kakuma kwa kibali cha siku moja, na shati lililopigwa pasi. Mrefu mpaka aliinama mlangoni. Nilimkaribisha soda, akashika chupa bila kunywa. Akatoa kadi kwenye bahasha akaniwekea mezani kwa mikono miwili.

Harusi.

Gatjang anamwoa Abul. Gatjang ni mdogo wake Ruot. Na chini ya jina la Abul, kwenye mstari wa walezi: shangazi yake, Arek.

Nimeisoma kadi ile kama mtu anayesoma ripoti ya daktari. Ruot akaanza kunieleza, kwa upole, akidhani sijui mambo ya harusi. "Madam, kwetu mkwe hawezi kula mbele ya mkwe. Hata kulala nyumba moja hapana, ni aibu. Na wao pia ni hivyo. Sasa watu wametoka Juba, wametoka Australia, wanataka kukaa pamoja na picha za maji, lakini pamoja na heshima. Tulitafuta mahali pa nyumba mbili na uwanja moja. Tukapata wewe. Mama Arek, mimi ndiyo nilimpa namba yako."

Ndiyo maana aliuliza miti! Alitaka miti ili wazee wake wale kwa amani bila kuonwa na wakwe. Nami miti ile ile nikaiona kama mahali pa kujificha na panga.

Na mimi nani? Mimi si mtoto wa boma? Mama yangu mpaka anaingia kaburini hakuwahi kutafuna kitu mbele ya mume wangu. Akija kututembelea tunampelekea chakula chumbani na mlango tunaurudishia. Haya mambo nayajua toka nikiwa mgongoni. Ila sikudhani nao wanayo. Niliwadhania vita tu.

Kisha Ruot akasema kilichomleta. Watu wa Abul wanasema kina Ruot wamenilipa niwatoe. Wameona video. Maji yapo. Basi tangi ni uongo, na uongo huo una mwenyewe. Mjomba wa bibi harusi, mzee Akuei, ndiye aliyetoka Australia, na bila yeye hakuna anayeweza kumtoa binti. Amesema: watu wasiotaka kukaa nasi ziwani hawamtaki na binti yetu. Akisema hapana, imekwisha. Abul ameacha kula.

"Madam, nataka kuuliza tu. Ni kweli tangi lilipasuka?"

Alinitazama machoni. Nikasema kweli. Nikasema lilipasuka, fundi akawahi kuliziba siku mbili baadaye, na video ni ya baada ya fundi. Hata nikampa fundi jina.

Akashusha pumzi. Akasema ahsante! Akaniomba niende Kakuma nikaseme hivyo hivyo mbele ya mzee Akuei, kwa kuwa mimi si wa upande wowote. Jumamosi. Nikakubali. Alipotoka soda yake ilikuwa bado imejaa, nikaimwaga nje.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeshinda ziwani. Nilijiambia nimekwenda kukagua.

Nyumba ya Juu inang'aa. Ereng ameziba hata tundu la chandarua kwa uzi wa nyavu. Amepaka chokaa mawe ya njia. Sikumwambia kwamba watu wa Nyumba ya Juu nimewatoa. Alijua. Sijui nani alimwambia, ziwa nalo lina masikio.

Tulikaa kibarazani, upepo unapiga, akanipa samaki wa kukaanga. Nikamweleza yote. Kadi, mzee Akuei, Abul asiyekula. Sikumweleza nilivyomjibu Ruot.

"Wewe nenda sema tu," akasema. "Sema niliogopa. Kuogopa si wizi."

Nikamwambia si rahisi hivyo. Nikiwaambia nilidhani mtauana, nitakuwa nimewatukana ukoo mzima, na tena mbele ya wakwe. Na Kakuma yote itajua. Nani atakuja tena kwangu? Ereng akatupa mifupa kwa paka. Nilimkasirikia, sijui kwa nini. Mtu amenipa samaki!

Jumamosi, 8 Novemba

Sikwenda. Nimemwandikia Ruot kwamba tumbo linaniuma. Si uongo, linauma kweli. Amejibu: Pole Madam, tutakungoja Jumatatu, Mungu akuponye. Wanaomba kwa ajili yangu kanisani kwao kesho. Kwa jina!

Jumatatu, 10 Novemba

Niko Kakuma. Naandika katika chumba cha Arek, kwenye kitanda cha Arek. Nitaeleza vile ilivyokuwa, yote, nisiruke.

Nilitoka Lodwar asubuhi nikiwa nimejipanga. Njia nzima nilikuwa nikirudia: ni mimi, niliogopa, nisameheni. Maneno machache tu. Dereva alidhani nasali, akapunguza redio.

Kikao kilikuwa nyuma ya duka la Arek, chini ya turubai. Arek mwenyewe ni mwanamke mwembamba, ana mwanya, macho yamechoka. Alinishika mkono akaniambia karibu mama, wala mkono haukuwa baridi. Mzee Akuei alikaa kiti cha katikati, viatu vyeupe vya michezo, kofia ya kitambaa. Kiingereza chake cha Australia sikukishika, akarudi Kidinka, Arek akawa anatafsiri. Ruot alikaa mbali kando ya lango, uso chini, kama inavyompasa mtu wa upande wa bwana harusi. Gatjang hakuwepo. Haruhusiwi.

Abul akaniletea maji. Ni msichana wa chuo cha ualimu, mashavu yamebonyea. Akapiga magoti kunipa glasi. Nilitaka kumwambia usinipigie magoti mimi. Nikanywa.

Mzee Akuei akasema maneno mafupi. Arek akatafsiri: "Mzee anasema, yeye hana maneno mingi. Anataka kujua moja tu. Nani alikuambia utoe sisi?"

Nikasema, "Si Ruot. Si mtu yeyote wa upande wao. Naapa." Hilo lilikuwa kweli, na lilitoka tamu sana mdomoni. Nikaona mabega ya Ruot yanashuka. Ningeishia hapo!

"Nani basi?"

Nikasema tangi halikupasuka. Hilo nalo kweli. Nikasema kulikuwa na mtu aliyeogopa. Alisikia majina, akasema hawa ni Wanuer na hawa ni Wadinka, wakikaa pamoja wataleta damu. Ndiyo maana nikawatoa.

Arek hakutafsiri mara moja. Alinitazama kwanza. Kisha akatafsiri, na nikaona neno damu linavyopita kwenye nyuso zao, mmoja mmoja. Abul alikuwa bado ameshika trei.

"Huyo mtu ni nani?" Sasa aliuliza Arek mwenyewe, bila kumngoja mzee.

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Naapa kwa kaburi la mume wangu, nilifungua mdomo kusema ni mimi. Kikatoka: "Mlinzi wa nyumba."

Basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilifikiri watatikisa kichwa waseme ah, mlinzi, na tuendelee. Mzee Akuei akasema kitu. Arek akasema, "Mpigie. Weka sauti kubwa."

Vidole vyangu vilikataa simu. Ruot ndiye aliyekuja kunisaidia, akainama, nikamtajia jina la Ereng, akalitafuta, akabonyeza, akaweka simu juu ya kiti katikati ya watu. Iliita. Nikawa naomba asishike. Alishika. Upepo wa ziwa ukajaa kwenye turubai.

"Ejok, mama."

"Shemeji," nikasema. "Niko na wazee hapa Kakuma. Wote wanakusikia. Wanauliza juu ya lile neno... lile ulilosema. Kwamba Wanuer na Wadinka watapigana."

Upepo. Upepo tu. Nilimwomba Mungu mambo mawili kwa wakati mmoja, akatae na akubali.

"Ni kweli," Ereng akasema. "Mimi nilisema. Mama hana makosa. Mimi nilikosea, wazee."

Kwa Kiswahili chake hicho cha ziwani, bila kukwama.

Mzee Akuei akainua uso juu akacheka! Kicheko cha mtu aliyetua gunia. Kwa sababu kumbe si wakwe. Wakwe hawakuwatukana. Ni mvuvi mmoja huko mbali aliyeogopa majina. Akamwita Ruot asogee, akamshika kichwa. Wanawake wakaanza kuongea wote pamoja. Arek akasema harusi iko, Ijumaa iko, Nyumba ya Juu iko? Nikasema iko, iko, na maji tele. Nilisema hivyo kweli. Walicheka.

Kisha mzee akanyanyua mkono. Kuna jambo limebaki. Arek akanieleza taratibu. Kwao, mtu akitamka damu juu ya ndoa kabla ndoa haijafungwa, neno lile haliachwi hivi hivi. Mwenyewe aliyelitamka anaitwa. Anakaa kati ya pande mbili, anapewa maji, anasema, neno langu nimelirudisha, kisha anakunywa na wote wanakunywa. Ndipo linaondoka. Asipolirudisha mwenyewe, linabaki kwa msichana. Litamfuata mpaka kwenye uzazi.

Nikarukia. Nikasema mimi niko hapa, mimi ni shemeji yake, nitalirudisha kwa niaba yake! Mungu wangu alikuwa amenifungulia dirisha, nitasema maneno ya kweli na hakuna atakayejua. Lakini Arek akatikisa kichwa. "Neno si mzigo, mama. Haibebwi na mtu mwingine. Lazima mwenye mdomo."

Wakamwita Ereng aje kesho. Akasema atakuja.

Jumanne, 11 Novemba

Asubuhi Arek ameniletea chai ya maziwa na mandazi, akakaa kando yangu kitandani. Yeye alilala chini kwenye mkeka ili mimi nilale hapa. Akavuta kanga yake, akafunga, akafungua. Akasema:

"Nilikufikiria mbaya, mama. Nilisema kwa watu, huyu mwanamke wa Lodwar anachukia sisi. Kumbe ulidanganywa na mtu wako. Nisamehe."

Nikamwambia yameisha.

Nimeandika hivyo ili niuone mkono wangu ukiandika. Ameniomba msamaha, nami nikampa. Nikasema, "Yameisha, dada, usijali." Nikala mandazi yake.

Ereng amefika adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope. Amevaa koti la marehemu mume wangu, lile la kahawia nililompa mwaka wa msiba. Analivaa siku kubwa tu. Watu wa kambi walimtazama akipita. Nilisikia kijana mmoja anasema, ndiye huyo. Hakuna aliyemsalimu ila Arek, kwa kuwa Arek ni Arek. Ereng aliitikia kila mtu hata asiyemsalimu.

Wametuacha tuongee kidogo, mimi na yeye, pembeni ya tangi la maji. Nilikuwa nimetayarisha mengi. Nisamehe, shemeji. Sijui nilipatwa na nini. Nitasema mwenyewe leo, usijali, hutalazimika. Yote yalikuwa tayari. Akaniwahi. Aliniuliza kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake:

"Neno lenyewe lilikuwaje hasa? Niambie sawasawa, nisije nikalikosea mbele yao."

Wala hakukuwa na kisasi katika sauti yake. Nilimtafuta usoni kama ananikejeli. Alikuwa anauliza kama anavyouliza wageni ni wangapi, ili apange magodoro.

Nikamfundisha.

Mimi, Atabo, nilisimama kando ya tangi nikamfundisha shemeji yangu tusi langu. Nilisema, "Ulisema hawa Wanuer na hawa Wadinka, wakikaa pamoja wataleta damu." Akarudia. Akakosea mwisho, nikamsahihisha. Akarudia tena. Akasema ejok, nimeshika. Akaenda kunawa uso.

Nikamuuliza mgongoni kwake, "Shemeji, kwa nini?" Akasema bila kugeuka, "Nyumba ni za ndugu yangu. Zikiharibika jina, watoto wake watakula nini." Akaendelea kunawa.

Sasa nimeingia humu chumbani nikasema nachukua leso. Kupitia pazia naona yote. Turubai imejaa, pande mbili, na nafasi wazi katikati. Gatjang ameruhusiwa leo, amekaa mwisho kabisa, uso amegeuzia ukuta, kijana wa watu. Mzee Akuei amevua kofia. Ereng amekaa kwenye kigoda katikati na koti lake limefungwa vifungo vyote katika joto hili. Kibuyu cha maji kiko mbele ya miguu yake. Hakigusi. Midomo yake inatembea. Anarudia asisahau.

Kama si mwenye mdomo, litabaki kwa msichana. Arek alisema. Mimi siamini mambo hayo, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini wao wanaamini. Abul anaamini. Akikawia kuzaa, akipoteza mimba, mtoto akiugua, ataliangalia lile neno na kusema hapana, hilo lilirudishwa, nililiona likirudishwa kwa macho yangu. Atatafuta kosa kwake mwenyewe.

Ni hatua chache tu kutoka hapa mpaka pale. Naweza kutoka sasa nikasema simama, shemeji, kigoda hicho ni changu. Mzee Akuei atanitazama. Arek atanitazama — huyo ndiye nisiyemweza. Ruot aliyeniombea tumbo. Na sasa haitakuwa tena niliogopa. Itakuwa niliogopa, nikadanganya, nikadanganya tena, nikamuuza ndugu ya mume wangu, nikaombwa msamaha nikautoa. Kila siku niliyongoja bei imepanda.

Arek ameita jina langu. Nimesema nakuja.

Abul ameingia. Amepakwa mafuta, amevaa shanga za mama yake, leo amekula, inaonekana hata usoni. Amesema, "Mama, maji imewekwa. Wanangoja wewe tu uwe shahidi." Akaona daftari. Akauliza naandika nini.

Nimemwambia naandika mipango ya Ijumaa, nani atalala wapi.

Ametabasamu. "Pole na kazi, mama." Ameinama, ameokota viatu vyangu chini ya kitanda, akavipangusa vumbi kwa ncha ya kanga yake, akaviweka mlangoni vikiwa vimeelekea nje, ili nivivae upesi. Sasa amesimama hapo, ameshika pazia, ananishikia njia.